Droni Marekani: burudani, Part 107, weiva au COA, karatasi ipi inakufaa?

Msimu wa harusi ukifika Columbus, Minneapolis au Dallas, mabishano ya kamati huwa yale yale. Kuna kijana ana droni, bibi harusi anataka picha za kutoka juu, na kila aliye mezani ana sheria yake. Mmoja anasema droni ndogo haihitaji ruhusa yoyote. Wa pili anasema madhali hulipwi, uko salama. Wa tatu anaapa kwamba lazima uiandikie FAA na kusubiri miezi mitatu. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli, na kipande hicho ndicho kinachowaingiza watu matatani.

FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haitoi ruhusa moja ya droni. Ina njia kadhaa, na nne kati ya hizo ndizo zinazowagusa watu wa kawaida na taasisi ndogo.

Ya kwanza ni njia ya burudani, chini ya kifungu cha 44809 cha sheria ya shirikisho. Unafanya jaribio la mtandaoni liitwalo TRUST, unaandikisha droni, unafuata miongozo ya usalama ya chama kinachotambuliwa na FAA, unarusha. Ya pili ni cheti cha rubani wa droni chini ya kanuni za Part 107, zilizoanza kutumika 29 Agosti 2016. Ya tatu ni weiva, yaani barua ya FAA inayokuachia kanuni fulani ya Part 107 kwa masharti. Hiyo si cheti kingine, inakaa juu ya kile cha pili. Ya nne ni COA, kibali kinachopewa taasisi za umma kama idara za zimamoto na polisi.

Nitazipima kwa mambo matano: kusudi la kurusha, pesa na muda, watu walio chini ya droni, anga la viwanja vya ndege, na umbali ambao jicho linaweza kufuata. Kwa mawazo yangu hilo la kwanza linamaliza nusu ya kazi, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kusudi la kurusha

Njia ya burudani ni ya burudani tu. Kosa kubwa ni kudhani kwamba neno hilo maana yake ni kurusha bila malipo. FAA haiulizi kama umelipwa, inauliza unarusha kwa ajili ya nini. Mifano inayoitoa yenyewe ya kazi isiyo burudani ni ya kawaida kabisa: kupiga picha za kusaidia kuuza nyumba, kukagua paa, kupiga picha za mechi ya shule kwa ajili ya tovuti ya shule. Hata kujitolea kupima ufuo kwa niaba ya shirika lisilo la faida kunaweza kuhesabiwa si burudani.

Sasa ilete sheria hiyo nyumbani. Umoja wa Watanzania au Wakenya katika jiji lenu unafanya siku ya familia bustanini, na katibu anakuomba picha za juu za kuweka kwenye ukurasa wa umoja. Hakuna dola inayobadilishana mikono, lakini hiyo si burudani tena. Kuushutia msikiti au kanisa video ya kuchangisha pesa za jengo, kadhalika. Harusi ya binamu yako ukiirusha kwa kujifurahisha, picha zikabaki kwenye simu yako, hiyo ni burudani. Ukiwa wewe ndiye uliyekabidhiwa video ya harusi, hata kama ni zawadi, umeshavuka mpaka. Kinachoangaliwa ni nia yako wakati droni inapaa.

Part 107 haina tatizo hilo. Kazi ya kulipwa, ya kujitolea, hata ya kucheza, zote zinaingia. Ndiyo maana mtu ambaye shughuli zake zimechanganyika hupumua akiwa nayo. Weiva nayo inafuata upana huo huo, kwa kuwa ni nyongeza ya Part 107.

COA iko upande mwingine kabisa. Ni kwa kazi za kiserikali: kuzima moto, kutafuta aliyepotea, ulinzi, utafiti wa umma. Taasisi inayorusha kwa njia hii hairuhusiwi kuigeuza kuwa biashara. Mtu binafsi hawezi kuiomba kwa jina lake, hata awe na uzoefu kiasi gani.

Wanafunzi wana mlango wao wa pembeni. Sheria inaruhusu urushaji wa kufundishia na utafiti katika vyuo ufuate masharti ya burudani, kwa hiyo mwanafunzi anayerusha kwa ajili ya somo huenda asihitaji Part 107. Aulize idara yake kwanza, kwa sababu vyuo vingi vina kanuni zao kali kuliko za FAA.

Pesa na muda

Kwa burudani hakuna cha kulalamikia. TRUST ni bure na huwezi kuifeli, maana ukijibu vibaya unasahihishwa hadi upate. Hifadhi cheti chake vizuri, kwa kuwa aliyekupa jaribio hatunzi kumbukumbu, ukikipoteza unarudia. Kuandikisha ni dola 5 kwa miaka 3, na namba moja inatumika kwa droni zako zote. Droni isiyofikia gramu 250 haiandikishwi kabisa, ilimradi unairusha kwa burudani. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli kwamba droni ndogo haihitaji chochote. Ndogo au kubwa, TRUST inahitajika, na sheria za anga ni zile zile.

Part 107 inadai mtihani wa ana kwa ana katika kituo cha PSI, kampuni inayoendesha mitihani ya FAA, kwa dola 175. Maswali ni 60, ya kuchagua jibu, kwa saa 2, na unahitaji asilimia 70, yaani majibu 42 sahihi. Ukifeli unasubiri siku 14 na kulipa upya. Umri wa chini ni miaka 16. Kabla ya kuweka miadi unafungua akaunti kwenye IACRA, mfumo wa FAA wa maombi ya vyeti, ili upate namba yako, na baada ya kufaulu jina lako linapitiwa na wakala wa usalama wa usafiri, TSA, ndipo unapata cheti cha muda cha kuchapa mwenyewe huku kadi ikija kwa posta. Kila droni inaandikishwa peke yake kwa dola 5, hata ile ya chini ya gramu 250. Kila baada ya miezi 24 unafanya mafunzo mafupi ya mtandaoni, bila malipo.

Mtihani ni wa Kiingereza, na kanuni zinadai uweze kukisoma, kukisema, kukiandika na kukielewa. Wengi wetu huogopa lugha, kumbe kinachoangusha watu ni kusoma ramani za anga na taarifa za hali ya hewa zilizoandikwa kwa vifupisho. Hivyo ni vigeni hata kwa aliyezaliwa Ohio. Weka nguvu yako huko.

Si lazima uwe raia kupata cheti hicho. Ila kisikuchanganye na kibali cha kufanya kazi: mwenye viza ya masomo hapati haki ya kulipwa kwa sababu tu FAA imempa kadi. Na leseni ya droni uliyopata kwa mamlaka ya Kenya au Tanzania haihesabiki hapa, kwani FAA haitambui vyeti vya droni vya nchi nyingine. Mgeni anayekuja na droni yake kufanya kazi ya biashara anahitaji Part 107 na pia kibali cha wizara ya uchukuzi ya Marekani, kwa hiyo asiahidi mteja tarehe kabla hajakipata.

Weiva haina ada. Gharama yake ni muda na maandishi. Unaomba kupitia tovuti ya FAA ya DroneZone, na FAA inajipa hadi siku 90 kulipitia ombi. Unatakiwa kueleza utarusha wapi, vipi, hatari ni zipi, na kila hatari utaizuia kwa njia gani. Maombi mengi hukwama kwa sababu mwombaji kaeleza anachotaka akasahau kueleza usalama utalindwaje. Sentensi kama “nitakuwa mwangalifu” haina uzito wowote mbele yao.

COA pia haina ada, lakini kabla ya ombi lenyewe taasisi inahitaji barua ya mwanasheria wa serikali husika kuthibitisha kwamba ni chombo cha umma. Faida yake ni kwamba taasisi inajithibitishia marubani wake kwa viwango vyake yenyewe, bila kila askari kwenda PSI.

Watu walio chini ya droni

Harusi nyingi huharibikia hapa. Miongozo ya burudani inakataza kurusha juu ya watu wasiohusika, basi.

Part 107 inaruhusu kwa masharti, na masharti hayo yamebebwa na droni yenyewe. Tangu Aprili 2021 kuna makundi manne ya droni zinazoweza kupita juu ya watu. Kundi la kwanza ndilo linalosikika rahisi: uzito usiozidi pauni 0.55, yaani gramu 250 hivi, pamoja na kila kilichofungwa juu yake, na bila sehemu zinazozunguka zikiwa wazi kiasi cha kukata ngozi. Soma tena hilo la mwisho. Droni maarufu za gramu 249 zina mapanga wazi. Ukizifunga vikinga mapanga, uzito unapita kikomo. Kwa hiyo ile droni ndogo ambayo kila mtu anaiona salama mara nyingi haiingii kundi la kwanza ilivyo.

Wageni waalikwa nao si washiriki wa urushaji. Washiriki ni rubani, msaidizi wake na wale ambao kazi yao ni usalama wa droni. Kuwatangazia watu kwenye kipaza sauti kwamba droni inapita, au hata kuwasainisha karatasi, hakuwageuzi kuwa washiriki. Na kukaa juu ya umati uliokusanyika mahali pa wazi kuna sharti la ziada: droni iwe inarusha Remote ID, ile ishara inayotaja namba yake na mahali ilipo. FAA ilianza kuwawajibisha wasiofuata kanuni ya Remote ID tarehe 16 Machi 2024.

Hapa wengine hukimbilia weiva. Inawezekana kuiomba, lakini kwa harusi moja ni kama kununua basi ili uende sokoni mara moja. Mpigapicha anayejua kazi yake anasimamisha droni pembeni, nje ya uzio wa watu, na kuielekeza kamera kwa mshazari. Picha inatoka nzuri zaidi, maana nyuso zinaonekana badala ya vipara na vilemba. Weiva ya kurusha juu ya watu ina maana kwa kampuni inayoshuti matamasha mwaka mzima. Taasisi yenye COA inafuata yale yaliyoandikwa ndani ya kibali chake, na hutofautiana moja na nyingine.

Anga la viwanja vya ndege

Mbali na viwanja, katika anga lisilodhibitiwa, burudani na Part 107 zote zinaruhusu hadi futi 400 bila kuomba kwa mtu. Part 107 inaongeza kitu kinachowafaa wakaguzi: ukiwa karibu na jengo refu au mnara, ndani ya futi 400 kutoka kwenye jengo hilo, unaweza kupanda hadi futi 400 juu ya kilele chake.

Karibu na viwanja vikubwa unahitaji idhini kabla ya kupaa. Ukiwa Bloomington, jirani na uwanja wa Minneapolis–St. Paul, uko ndani ya anga la daraja B, yaani lile linalodhibitiwa kuzunguka viwanja vikubwa. Idhini inaombwa kwa mfumo wa LAANC kupitia programu za simu zilizoidhinishwa na FAA, na kama urefu unaotaka uko ndani ya ule uliowekwa kwenye ramani ya eneo hilo, jibu huja papo hapo. LAANC iko wazi kwa burudani na kwa Part 107. Tofauti inaonekana ramani inaposema futi 50 nawe unataka 150: mwenye Part 107 anaweza kuomba zaidi na ombi lake likapitiwa na watu, mwenye burudani hana mlango huo.

Kwa hiyo aliyekwambia usubiri miezi mitatu kwa sababu ukumbi uko karibu na uwanja amechanganya idhini ya anga na weiva. Ni vitu viwili, hata fomu zake ni mbili.

Kuna sehemu ambazo karatasi zote tatu za mtu binafsi hazikusaidii kirahisi. Washington D.C. na viunga vyake, ndani ya maili 15 hivi, ni marufuku bila idhini maalumu. Viwanja vya michezo vinavyochukua watu 30,000 na zaidi hufungwa kwa maili 3 za anga kuanzia saa moja kabla ya mechi za ligi kubwa hadi saa moja baada yake, na kama ukumbi wenu umepakana na uwanja wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, angalia ratiba. Hifadhi za taifa zimezuia kurusha na kutua tangu 2014.

Usiku, na pale jicho linapofikia

Usiku nitaupita haraka. Ushauri mwingi wa zamani unasema lazima weiva. Ilikuwa kweli hadi 21 Aprili 2021. Sasa mwenye Part 107 anarusha usiku akiwa na taa ya tahadhari inayoonekana umbali wa maili 3, na awe amefanya mtihani au mafunzo mapya. Wa burudani anafuata miongozo ya chama chake, taa ikiwemo.

Kuona droni kwa macho ndiko kunakoipa weiva kazi yake halisi. Burudani na Part 107 zote zinataka droni ionekane muda wote bila darubini. Anayekagua nyaya za umeme kwa maili kadhaa, au mkulima mwenye shamba linalozidi upeo wa macho, hawezi kufanya kazi kwa sharti hilo. Huyo aandike ombi. Hata hivyo weiva haiwezi kukuruhusu kubeba mizigo ya watu kwa malipo nje ya upeo wa macho. Wasomaji hupenda kuuliza mbona Rwanda droni za kampuni ya Zipline zinapeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016 bila mtu kuzifuata kwa macho. Hizo zinaruka kwa idhini ya kampuni nzima, na Marekani nako wapeleka mizigo hupita njia ya mashirika ya ndege, Part 135, ambayo kampuni ya Wing ilikuwa ya kwanza kuipata kwa droni, Aprili 2019. Agosti 2025 FAA ilichapisha rasimu ya kanuni mpya za urushaji nje ya upeo wa macho, Part 108, zenye lengo la kupunguza hitaji la weiva moja moja.

Kwa hali yako

Unarusha wikendi bustanini na watoto, picha unazipeleka kwenye kundi la familia tu: burudani inakutosha, na dola 175 zako zina kazi nyingine.

Una kamera, unashuti harusi, send-off na nyumba za madalali, hata kama nusu ya kazi ni za ndugu: Part 107. Usiingie kwenye hesabu za ipi ni burudani na ipi si burudani kila Jumamosi, hasa ukijua kwamba sheria ya 2024 ilipandisha faini hadi dola 75,000 kwa kosa moja. Ukumbi ukikuomba bima, ni matakwa yao, FAA haiidai. Ukitaka siku moja kucheza kwa burudani bado unaweza, ila fanya TRUST pia na uamue kabla ya kupaa unarusha kwa sheria ipi.

Unaye mteja wa kudumu ambaye kazi yake inagongana na kanuni moja mahususi, tena mara kwa mara: pata Part 107, fanya kazi za kawaida kwanza, kisha omba weiva ukiwa na la kuonyesha.

Unafanya kazi zimamoto au kaunti: taasisi ina hiari ya COA au Part 107. Idara ndogo yenye marubani wawili mara nyingi huona Part 107 ni nyepesi zaidi. Yenye kikosi kizima, na dharura zisizosubiri ratiba, itapenda COA.

Na kama harusi ni Jumamosi hii, huna cheti, na kamati imekutegemea wewe: tafuta mwenye Part 107. Kanuni inamruhusu asimame kando yako kama rubani mkuu huku wewe umeshika kidhibiti, ilimradi anakusimamia moja kwa moja na anaweza kukipokea papo hapo. Droni iwe imeandikishwa kwa Part 107, na dhamana ya safari nzima ni yake, kwa hiyo mwoneshe ukumbi mapema na umpe nafasi ya kusema hapana.